Saa, Nishani na Sindano

Usiku wa tarehe 19 Agosti 2008, katika Uwanja wa Kiota cha Ndege jijini Beijing, kijana wa Kenya mwenye umri wa miaka 19 alimaliza wa pili katika fainali ya Olimpiki ya mita 1,500. Jina lake Asbel Kiprop. Aliyemtangulia alikuwa Rashid Ramzi, mzaliwa wa Morocco aliyekimbia kwa bendera ya Bahrain. Ramzi alitumia dakika 3 na sekunde 32.94, Kiprop 3:33.11. Pengo la sekunde 0.17. Kenya ilirudi nyumbani na dhahabu tano, mbili kati yake za Pamela Jelimo na Nancy Lang'at, wanawake wa kwanza wa nchi hiyo kutwaa dhahabu ya Olimpiki, na katika shangwe hizo hakuna aliyemlaumu kijana kwa fedha yake.

Mwaka uliofuata sampuli zilizohifadhiwa tangu Beijing zilipimwa upya kwa kipimo kipya. Katika sampuli ya Ramzi ikakutwa CERA, aina ya dawa ya EPO iliyotengenezwa ikae mwilini kwa muda mrefu. Novemba 2009 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikamvua ubingwa, na dhahabu ikawa ya Kiprop, ya sita kwa Kenya. Eldoret, Iten na kila mahali ambapo watu hunywa chai ya maziwa huku wakihesabu sekunde za wakimbiaji, habari hizo zilipokewa kwa furaha isiyo na doa. Kijana wetu alikuwa ameibiwa, mwizi amekamatwa, mali imerudi kwa mwenyewe.

Ili kuelewa jinsi furaha ile ilivyogeuka, inabidi kwanza kuelewa watu hawa walikuwa wakibishana nini kabla sindano haijaingia katika mazungumzo.

Mashabiki wa riadha wa Afrika Mashariki wana mizani zao, na zilianza kutumika enzi za redio. Wapo wanaopima kwa nishani, wapo wanaopima kwa saa, na wapo wanaoangalia mtu alidumu miaka mingapi juu. Kila mizani ina bingwa wake, ndiyo maana ubishi hauishi. Anayepima kwa nishani huanzia Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, Siku ya Kenyatta. Kipchoge Keino aliingia fainali ya mita 1,500 huku akiumwa kibofu cha nyongo. Siku saba kabla yake maumivu yaliwahi kumwangusha katika mbio za mita 10,000, zile ambazo Naftali Temu alizishinda na kuipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Akainuka, akapata fedha katika mita 5,000, na sasa alikuwa akikabiliana na Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia. Mwenzake Ben Jipcho aliondoka kwa kasi ya kujitoa mhanga, mzunguko wa kwanza wa mita 400 kwa sekunde 56 hivi, ili Ryun asiwe na nafasi ya kusubiri mita za mwisho. Keino akaichukua kasi hiyo na kuondoka nayo. Alimaliza kwa 3:34.91, Ryun akiwa nyuma kwa karibu sekunde tatu, na katika umbali huo hiyo ni mbali mno.

Ubishi wa Mexico ulikuwa wa namna mbili. Wamarekani walisema ni hewa: jiji lile liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na Mkalenjin aliyezaliwa kwenye vilima vya Nandi ana mapafu yaliyozoea. Wengine walisema ni Jipcho: je, ni haki mtu mmoja kuteketea ili mwenzake ashinde? Jipcho mwenyewe jambo hilo lilimkaa moyoni, na miaka mingi baadaye alimwomba Ryun radhi. Kwa macho ya leo ni ajabu kwamba lawama nzito kuliko zote juu ya ushindi ule ilikuwa kukimbia kwa kasi mno mwanzoni. Katika michezo hiyohiyo vipimo vya dawa vilikuwa vimeanza kutumika, na mwanamichezo wa kwanza katika historia ya Olimpiki kunyang'anywa nishani kwa sababu ya kipimo alikuwa Msweden Hans-Gunnar Liljenwall, aliyekutwa na pombe damuni. Alisema alikunywa bia kutuliza mkono kabla ya kulenga shabaha.

Anayepima kwa saa humtaja Henry Rono. Kati ya Aprili na Juni 1978, katika siku 81, Rono alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Hakuna aliyefanya hivyo kabla yake wala baada yake. Lakini Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, na Rono hakukanyaga hata fainali moja ya Olimpiki. Ukimpima kwa nishani za Olimpiki, mikono yake ni mitupu. Kutoka hapo ubishi huhamia kwa Paul Tergat, aliyetawala mbio za nyika za dunia miaka mitano mfululizo kuanzia 1995 hadi 1999, na ambaye katika Olimpiki mbili alimkuta Haile Gebrselassie wa Ethiopia mbele yake kwenye mita 10,000. Ile ya Sydney mwaka 2000 inasimuliwa mpaka leo kwa mikono: huyu akivuta huku, yule akiitikia kule, hadi mstarini. Gebrselassie 27:18.20, Tergat 27:18.29. Baada ya kilomita kumi, pengo lao lilikuwa dogo kuliko lile la mshindi wa mita 100 na mshindi wa pili katika michezo hiyo.

Katika mabishano hayo yote hakuna aliyelazimika kuuliza kama saa inasema kweli. Watu walitofautiana juu ya uzito wa sekunde. Sekunde zenyewe waliziamini. Imani hiyo ndiyo iliyokuja kuchukuliwa, na kwa maoni yangu ni hasara kubwa kuliko nishani zote zilizorudishwa.

Kilichoichukua kina jina fupi: EPO. Figo za binadamu hutoa kichocheo kinachoiagiza mifupa itengeneze chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kichocheo hicho kilipatikana kama dawa ya kiwandani, baraka tupu kwa wagonjwa wa figo wanaoishiwa damu. Wanamichezo wa masafa marefu waliiona mapema. Kwa mtu anayeishi Iten, takriban mita 2,400 juu ya bahari, mwili wenyewe huongeza chembe hizo kwa sababu hewa ni nyepesi. Yaani sindano inampa mkimbiaji wa uwanda wa chini kile ambacho mlima humpa mwenyeji, na ikidungwa kwa mwenyeji inaongeza juu ya ziada. Kipimo cha EPO kilianza kutumika Olimpiki ya Sydney. Kwa miaka mingi Wakenya waliamini kwamba dawa hiyo ni tatizo la wengine, wale wasio na mlima. Mwaka 2012 mwandishi wa televisheni ya Ujerumani alipodai kwamba dawa zinapatikana kwa urahisi katika miji ya wakimbiaji, wakuu wa riadha walimpuuza, na mashabiki wengi, tuseme ukweli, walifurahi kuona akipuuzwa.

Tarehe 31 Oktoba 2014 likatoka jina la Rita Jeptoo.

Jeptoo hakuwa mkimbiaji wa pembeni. Alikuwa ameshinda Boston mara tatu na Chicago mara mbili, na siku chache baadaye alitarajiwa New York kupokea taji la msimu. Sampuli iliyochukuliwa Septemba bila taarifa, nje ya mashindano, ilikutwa na EPO. Chama cha Riadha Kenya kilimfungia miaka miwili. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaipandisha ikawa minne na kumfutia matokeo, yakiwemo ya Boston na Chicago ya 2014.

Inafaa kukaa kidogo kwenye Boston ile, kwa sababu ndipo mashabiki wengi walipoona kwa mara ya kwanza sura ya aliyeibiwa. Wa pili siku hiyo alikuwa Buzunesh Deba, Muethiopia aliyekuwa akiishi New York, kwa saa 2:19:59. Mara Jeptoo alipofutwa, muda huo ukawa wa kasi kuliko wote uliowahi kukimbiwa na mwanamke kwenye njia ile. Lakini Deba alivuka mstari akijua ameshindwa. Utepe ulikatwa na mwingine, wimbo ukapigwa wa nchi nyingine, na wadhamini wakazungumza na mwingine. Tofauti ya zawadi pamoja na bonasi ya rekodi ilikuwa dola 100,000, na waandaaji walishikilia kwamba watamlipa wakizipata kutoka kwa Jeptoo. Miaka kumi ikapita. Mwaka 2024, gazeti lilipoandika habari yake, mfanyabiashara mmoja wa Marekani asiyemjua akatoa mfukoni mwake dola 75,000. Nikisikia mtu akisema kwamba anayetumia dawa anajidhuru mwenyewe tu, humfikiria Deba akilea watoto kwa ubingwa wa karatasi.

Baada ya Jeptoo mambo yalikwenda mbio. Agosti 2015 Kenya iliongoza jedwali la nishani la Mashindano ya Dunia kwa mara ya kwanza, tena Beijing, uwanja uleule, kwa dhahabu saba. Nicholas Bett alishinda mita 400 kuruka viunzi, Julius Yego akarusha mkuki mbali kuliko wote, na watu wakasema sasa hatuna tena mbio zisizo zetu. Wiki hiyohiyo wakimbiaji wawili wa kike wa timu hiyo walikutwa na dawa ya kukojoza inayoweza kuficha nyingine. Novemba wanariadha wenyewe walivamia Riadha House, makao makuu ya chama jijini Nairobi, wakafunga milango na kuwazuia viongozi kuingia, wakidai ufisadi umezidi na vita dhidi ya pufya, yaani dawa zilizokatazwa, ni maneno matupu. Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria ya kupambana na pufya, Kenya ikiwa inakimbizana na muda isizuiwe kwenda Rio.

Ikaenda Rio, na Rio ikawa mzigo. Meneja wa timu ya riadha alirudishwa nyumbani baada ya gazeti la Uingereza kumrekodi kwa siri akizungumzia kuwapa wakimbiaji taarifa ya vipimo mapema kwa malipo. Baadaye alifungiwa miaka kumi. Kocha wa mbio fupi naye akarudishwa kwa kujifanya mwanariadha mbele ya maofisa wa vipimo. Ila Jumapili ya tarehe 14 Agosti Jemima Sumgong alishinda marathoni ya wanawake kwa 2:24:04, Mkenya wa kwanza wa kike kufanya hivyo. Catherine Ndereba alikuwa ameikosa dhahabu hiyo mara mbili, Athens na Beijing, kila mara akiambulia fedha. Kina mama wa mbio walilia kwa furaha.

Miezi sita na kitu baadaye Sumgong alikutwa na EPO. Akafungiwa miaka minne, na karatasi za hospitali alizowasilisha kujitetea zilipobainika kuwa za uongo, marufuku ikawa miaka minane. Mshindi wa pili wa Rio, Eunice Kirwa, mzaliwa wa Kenya aliyekimbia kwa bendera ya Bahrain, naye akafungiwa mwaka 2019 kwa dawa hiyohiyo. Wote wawili wamebaki na nishani zao, kwa kuwa sampuli zilizowakamata zilichukuliwa baada ya mbio hizo, na sheria haifuti nyuma bila ushahidi wa nyuma. Wa tatu alikuwa Mare Dibaba wa Ethiopia. Mare Dibaba ndiye pia aliyemaliza wa pili Chicago 2014, nyuma ya Jeptoo. Kama ningeambiwa nichague mtu mmoja wa kumsimamisha mbele ya kila kijiwe cha riadha ili watu wamtazame kabla hawajaanza kubishana, ningemchagua huyo.

Sasa nirudi kwa Kiprop. Baada ya Beijing alikua na kuwa bora kuliko wote wa kizazi chake katika mita 1,500: bingwa wa dunia 2011, 2013 na 2015. Julai 2015, Monaco, alikimbia 3:26.69, na mashabiki wakaanza kuota rekodi ya Hicham El Guerrouj ya 3:26.00. Alikuwa na tabia ya kukaa nyuma kabisa ya kundi, kisha mzunguko wa mwisho kuzunguka nje na kuwapita wote kwa miguu ile mirefu. Watoto wa shule walimwiga barabarani.

Asubuhi ya tarehe 27 Novemba 2017 maofisa wa vipimo walifika nyumbani kwake Iten. Utaratibu wenyewe ni huu: mkimbiaji wa ngazi hiyo hutaja mapema kipindi cha saa moja kila siku ambacho atapatikana mahali fulani, ofisa hugonga bila taarifa, mkimbiaji hukojoa mbele ya macho ya ofisa, mkojo hugawanywa katika chupa mbili, A na B, zinazofungwa kwa kizibo kisichofunguka bila kuvunjwa. Akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12, hilo lenyewe ni kosa. Sampuli ya Kiprop ilikutwa na EPO, na mwezi Mei 2018 dunia ikajua.

Alikana, na alichokisema kiliwasha moto. Kwa maelezo yake, alipigiwa simu siku moja kabla kuambiwa wanakuja, jambo ambalo ni mwiko. Walipofika aliombwa pesa, akaenda chumbani kutuma kwa M-Pesa, na chupa zilibaki mezani. Kitengo cha Uadilifu wa Riadha kilikubali kwamba ni kweli alipewa taarifa mapema na kwamba hilo lilikuwa kosa kubwa, lakini kikasema halibadilishi kilichomo ndani ya mkojo. Aprili 2019 alifungiwa miaka minne.

Hapo ndipo vijiwe vilipogawanyika kweli. Upande mmoja ulishika ile M-Pesa: ofisa anayeomba pesa anaweza kufanya lolote, na kijana amechomwa. Upande wa pili ulijibu kwamba mtu anayejua kesho anapimwa, na bado akakutwa, hana wa kumlaumu. Wa tatu wakasema ni wivu wa wazungu waliochoka kuuona mgongo wa Mkenya. Na wapo walionyamaza, ambao ndio nadhani waliumia zaidi, kwa kuwa walikuwa wameisimulia hadithi ya Ramzi kwa watoto wao kama mfano wa haki. Nishani ya Beijing imebaki ya Kiprop, kwani alikutwa miaka tisa baadaye. Ila kila inapotajwa, sauti hupungua.

Hoja ya wivu inastahili kujibiwa, kwa sababu ni yetu na ina mizizi. Ni kweli wakimbiaji wa Afrika walitazamwa kwa shaka tangu Keino. Ni kweli pia kwamba Wakenya wenyewe wameporwa: Pamela Jelimo alimaliza wa nne katika mita 800 Olimpiki ya London 2012, na aliingia kwenye nishani miaka baadaye, pale Warusi waliomtangulia walipofutwa. Lakini Shirika la Dunia la Kupambana na Pufya lilipotoa ripoti yake mwaka 2018 lilihesabu Wakenya 138 waliokutwa na dawa tangu 2004. Wivu hauingii kwenye mishipa ya watu 138. Na kila tunapomtetea aliyekutwa kwa kuwa ni wetu, tunayemwacha bila mtetezi naye ni wetu: yule aliyeamka saa kumi na moja alfajiri Kaptagat, akakimbia kilomita zake safi, akawa wa nne, akarudi nyumbani bila karo.

Hata waliopiga kelele hawakusalimika. Wilson Kipsang, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2013 kwa 2:03:23, alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanariadha wa kulipwa, sauti iliyodai vipimo zaidi. Mwaka 2020 alifungiwa miaka minne. Hakukutwa na dawa. Alikosekana kwenye vipimo, na alipojitetea kwamba ajali ilifunga barabara, picha aliyoitoa ikabainika ni ya ajali ya mwezi mwingine. Kisha Rhonex Kipruto, mwenye rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani, akafungiwa miaka sita mwaka 2024 na rekodi ikafutwa kabisa. Kufikia 2022 Kenya ilikuwa imebakiza hatua moja ifungiwe kama nchi. Ilinusurika kwa ahadi ya serikali ya kutoa dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kwa ajili ya vipimo na uchunguzi.

Katikati ya moshi huo akaja ubishi mkubwa kuliko wote, ule wa Eliud Kipchoge. Mizani zote tatu zilimkubali. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, aliwashinda El Guerrouj na Kenenisa Bekele jijini Paris katika mita 5,000, kwa sekunde 0.04 dhidi ya El Guerrouj. Akahamia marathoni 2013 chini ya kocha wake Patrick Sang, akatwaa dhahabu Rio na tena Sapporo, akavunja rekodi ya dunia mara mbili Berlin, 2:01:39 na kisha 2:01:09. Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alikimbia umbali wa marathoni kwa 1:59:40 akisaidiwa na waongoza kasi 41 waliopokezana, mbio zisizohesabiwa kuwa rekodi. Waethiopia walijibu na Bekele: dhahabu tatu za Olimpiki uwanjani, mataji ya nyika kumi na moja ya wakubwa, na marathoni ya 2:01:41. Ukitaka mkimbiaji kamili wa matope, uwanja na lami, walisema, huyo ndiye. Mimi ningempa Bekele uwanja na nyika, Kipchoge barabara, na sioni aibu kugawa.

Viatu vilivuruga hesabu zaidi. Tangu 2016 hivi soli nene zenye bamba la kaboni zilianza kushusha muda wa kila mtu, hadi Shirikisho la Riadha Duniani likaweka kikomo cha milimita 40. Kumlinganisha Tergat wa 2:04:55 mwaka 2003 na mtu wa leo kwa saa peke yake hakuna maana tena. Ila kiatu kinaonekana. Kipo mguuni, kila mtu anaweza kukinunua, na shabiki anaweza kusema toa dakika moja kisha tuendelee. Kwa sindano hakuna anayejua atoe ngapi, wala kwa nani.

Kisha Kelvin Kiptum. Oktoba 8, 2023, Chicago, katika marathoni yake ya tatu tu, alikimbia 2:00:35. Alikuwa na miaka 23. Mashabiki walipanga pambano lake na Kipchoge kwenye Olimpiki ya Paris kabla ya yeyote kulitangaza. Usiku wa Februari 11, 2024, gari lake liliacha njia karibu na Kaptagat, akafa pamoja na kocha wake Mnyarwanda Gervais Hakizimana. Siku chache baadaye Henry Rono naye akafariki, kimya, karibu bila kuonekana ndani ya msiba ule mkubwa. Na baadhi ya watu, bila chembe ya ushahidi, wakaanza kumtuhumu Kipchoge mitandaoni kwa kifo cha Kiptum. Aliiambia BBC baadaye kwamba alipokea vitisho, akaogopa hata watoto wake kwenda shule, na akapoteza marafiki wengi. Ushabiki ulikuwa umezoea kushuku damu ya mtu. Kutoka hapo hadi kumshukia mtu mwenyewe haikuwa safari ndefu. Haikuwa haki, na waliofanya hivyo hawajamwomba radhi kama Jipcho alivyomwomba Ryun kwa kosa dogo mno.

Oktoba 13, 2024, Chicago hiyohiyo, Ruth Chepng'etich akawa mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10: 2:09:56. Aliutoa ushindi huo kwa kumbukumbu ya Kiptum. Kwenye mkutano wa waandishi Mmarekani mmoja alimuuliza angewaambia nini wanaoshuku, naye akajibu kwamba watu hawaachi kusema. Kenya nzima iliwaka hasira kwa swali lile, viongozi wa riadha hadi wanasiasa. Sampuli yake iliyochukuliwa Machi 14, 2025 ilikutwa na HCTZ, dawa ya kukojoza inayoweza kuficha nyingine, kiwango cha nanogramu 3,800 kwa mililita wakati kikomo ni 20. Alisema alikunywa dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani alipougua. Oktoba 2025 alifungiwa miaka mitatu. Rekodi ya Chicago haikuguswa na adhabu hiyo, kwa sababu ileile iliyoiacha dhahabu ya Sumgong.

Waliokuwa wamekasirikia swali sasa walikasirikia jibu. Lakini safari hii kulikuwa na jambo jipya: wakimbiaji wenyewe walianza kutafuta namna ya kuaminika kabla ya kuulizwa. Sabastian Sawe, bingwa wa London 2025, alikwenda na timu yake kwa Kitengo cha Uadilifu akaomba apimwe zaidi ya kawaida, kwa gharama iliyolipwa na kampuni ya viatu inayomdhamini. Katika wiki zilizotangulia marathoni ya Berlin ya Septemba 2025 alipimwa mara 25, damu na mkojo, wakati mwingine alfajiri na jioni ya siku moja. Si ushahidi wa kila kitu, ila ni mtu aliyenyoosha mkono mwenyewe.

Berlin siku hiyo kulikuwa na joto lisilo la kawaida. Sawe alibaki peke yake mapema, akamaliza kwa 2:02:16, karibu dakika nne mbele ya wa pili. Na mabishano yaliyofuata yalikuwa yale ya zamani: joto lilimgharimu dakika ngapi, kama kipande cha kwanza hakikuwa cha kasi mno, kama Kiptum wa Chicago angemwacha au wangefika pamoja hadi kilomita ya arobaini.